"Nina Watoto Wadogo, Baba": Udhuru wa Kale na Jibu la Kanisa



Dominika hii ya tatu ya Kipindi cha Kawaida cha Mwaka huitwa Dominika ya Neno la Mungu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko ndiye aliyeagiza hivyo kwa barua yake ya tarehe 30 Septemba 2019. Katika parokia nyingi kitabu cha Masomo hubebwa leo kwa maandamano, hufukizwa ubani, nao waamini hulishangilia Neno kwa vigelegele. Ni jambo jema sana. Lakini Misa ikiisha, kila mmoja hurudi nyumbani kwake, na hapo swali hubaki palepale: Neno hili tulilolishangilia litasomwa nyumbani saa ngapi, na nani?

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Misa iliyokuwa na mahubiri juu ya kusoma Maandiko Matakatifu, mama mmoja alitusubiri mlangoni mwa kanisa. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga, na mwingine, wa kama miaka mitatu, alikuwa ameishika kanga yake. Akasema, "Baba Padre, mahubiri nimeyasikia. Lakini nikifungua Biblia, huyu analia. Nikimnyamazisha huyu, yule amemwaga uji. Wakilala wote wawili, nami usingizi umenichukua. Nina watoto wadogo, Baba. Nitasoma lini?" Sisi tukamjibu upesi, kwa kuwa watu wengine walikuwa wakitusubiri: "Mama, penye nia pana njia." Akainamisha kichwa, akasema, "Asante, Baba," akaenda zake.

Siku ile tuliridhika na jibu letu. Baadaye, tulipolikumbuka, lilituchoma. Tulikuwa tumempa mama yule methali, wala hatukumwonyesha njia. Basi leo tumeona yafaa kurudi nyuma katika historia ya Kanisa, tuwatazame Wakristo wa kale waliokuwa na watoto wadogo kama sisi, tuone wao waliambiwa nini, na walifanyaje.

Imani yenye watoto tangu mwanzo

Jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba Maandiko hayakuanza maisha yake katika chumba kimya. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 6, Musa anawaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu. Anataja na saa za kufanya hivyo: wanapoketi nyumbani, wanapokwenda njiani, wanapolala na wanapoamka. Tuziangalie vizuri saa hizo. Ndizo saa ambazo mzazi yuko pamoja na mtoto. Musa hamwambii mzazi amwondoe mtoto ndipo asome. Amtaka aseme Neno mtoto akiwapo.

Vivyo hivyo Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo, anamkumbusha imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, tena amwambia kwamba ameyajua Maandiko Matakatifu tangu utoto wake. Askofu yule kijana alianza masomo yake ya Maandiko katika nyumba ya bibi na mama.

Mwandishi wa historia Eusebio wa Kaisarea anatusimulia pia habari za Leonidas wa Aleksandria katika Misri, baba wa watoto saba. Kila siku Leonidas alimpa mwanawe mkubwa, Orijene, sehemu ya Maandiko aikariri, kabla ya masomo mengine ya shule. Kijana alikuwa na maswali mengi kupita umri wake, na baba alimkanya kwa maneno. Lakini usiku mtoto alipolala, baba alikuwa akimfunua kifua na kukibusu, akiona kuwa ni hekalu la Roho wa Mungu. Mnamo mwaka 202, katika dhuluma ya Kaisari Septimio Severo, Leonidas aliuawa kwa ajili ya imani. Orijene hakuwa bado ametimiza miaka 17. Leonidas hakumwachia mwanawe mali. Aliyokuwa nayo yote yalitwaliwa na serikali. Yale waliyokuwa wakikariri kila siku hayakuweza kutwaliwa, na Orijene akawa mmoja wa wafafanuzi wakubwa wa Maandiko katika Kanisa la kale.

Mhubiri wa Antiokia

Lakini udhuru wa mama yetu wa mlangoni twaukuta wazi zaidi katika mji wa Antiokia, kando ya mto Oronte. Ndio mji ambao, kama yasemavyo Matendo ya Mitume, wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Leo waitwa Antakya, uko katika nchi ya Uturuki, na mwezi Februari mwaka 2023 tetemeko la ardhi liliubomoa vibaya. Katika karne ya 4 ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya Dola ya Roma, wenye masoko, mahakama, karakana, majumba ya michezo, na kelele nyingi.

Huko alizaliwa Mtakatifu Yohane, ambaye baadaye aliitwa Krisostomo, yaani Kinywa cha Dhahabu. Baba yake, Sekundo, alifariki Yohane akiwa mtoto mchanga. Mama yake, Anthusa, alibaki mjane akiwa na umri wa miaka kama 20. Akakataa kuolewa tena, akamlea mwanawe. Yohane alipokuwa kijana alikwenda kuishi milimani pamoja na wamonaki, na kwa miaka miwili alikaa peke yake pangoni akijifunza Maandiko kwa moyo, akijinyima usingizi, mpaka afya yake ikaharibika. Akarudi mjini. Mwaka 386 akapewa Upadre, na kwa miaka kama kumi na miwili akahubiri Antiokia, mpaka alipofanywa Askofu wa Konstantinopoli mwaka 398.

Tumetaja pango lile kwa makusudi. Mtu huyu aliyajua maisha ya kimya. Alikuwa amesoma Maandiko bila mtoto kumlilia wala chungu kumwungulia jikoni. Angeweza kuwaambia watu wa Antiokia kwamba Maandiko ni kazi ya wale walioko milimani. Yeye alisema kinyume chake.

Katika mahubiri yake juu ya tajiri na Lazaro anautaja udhuru aliokuwa akiusikia mjini. Mmoja alisema ana kesi mahakamani. Mwingine ana kazi ya serikali, mwingine ana ufundi wake. Mwingine alisema ana mke, analea watoto, ana nyumba ya kuangalia. Yeye ni mtu wa dunia, kusoma Maandiko ni kwa wale walioiacha dunia wakapanda vilele vya milima. Wapendwa, tangu maneno hayo yasikike Antiokia imepita miaka zaidi ya 1,600. Je, hayafanani na yetu neno kwa neno?

Yohane alijibu kwamba, kwa sababu hiyohiyo, mwenye watoto anayahitaji Maandiko kuliko mmonaki. Mmonaki, alisema, amekwisha kutia nanga bandarini. Wewe uko katikati ya bahari, mawimbi yakikupiga huku na huku. Mmonaki yuko mbali na vita. Wewe wajeruhiwa kila siku. Leo mwenzi wako wa ndoa amekuudhi, kesho mtoto amekutia huzuni, keshokutwa jirani amekuonea kijicho. Mwenye jeraha jipya kila siku ahitaji dawa kila siku. Mtu anayesema, "Nina watoto, kwa hiyo sisomi," ni kama asemaye, "Naumwa, kwa hiyo siendi kwa mganga."

Kisha akawapa mfano wa mafundi. Mhunzi, hata njaa ikimbana namna gani, hauzi nyundo, fuawe wala koleo lake, afadhali akope. Ajua kwamba akiuza vyombo vya kazi, amejifungia mlango wa riziki. Kwa Mkristo, alisema Yohane, vitabu vya Mitume na Manabii ndivyo vyombo vya kazi, na mzazi ni fundi aliyepewa kuunda roho ya mtu. Atafanyaje kazi bila nyundo?

Kitabu shingoni, kitabu chini ya mto

Tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa jepesi kwao. Hapakuwa na mashine za kupiga chapa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, na bei yake ilikuwa kubwa. Maskini wengi wa Antiokia hawakuweza kununua hata Injili moja, na wengi hawakujua kusoma. Yohane alilifahamu hilo. Aliwakaripia matajiri, ambao vitabu vyao vilikaa makabatini vikiwa pambo. Ila maskini aliwaambia wasikilize kwa bidii Neno lisomwapo kanisani, kwa kuwa huko husomwa kwa wote bila malipo.

Tena alitaja desturi moja ya mji wake. Wanawake na watoto wadogo walikuwa wakivaa Injili shingoni, ili ziwakinge na mabaya. Yohane hakuwacheka, lakini aliwahimiza waitie Injili moyoni pia, maana huko ndiko ilikotakiwa kukaa.

Nasi, je? Katika nyumba ngapi tulizozitembelea tumeikuta Biblia imewekwa chini ya mto wa mtoto mchanga ili asishtuke usingizini! Hatuna neno la kumlaumu mama afanyaye hivyo kwa upendo. Anajua kwamba ndani ya kitabu hicho mna nguvu. Twamwomba tu jambo moja zaidi: kabla ya kukiweka chini ya mto, amsomee mtoto mstari mmoja. Mtoto hataelewa maneno, lakini ataijua sauti, na mama mwenyewe atakuwa amesoma.

Meza mbili

Njia aliyoionyesha Yohane ilikuwa ya wazi. Alitaka kila nyumba iwe na meza mbili, ya chakula na ya Neno. Mume akirudi kutoka kanisani aifungue Biblia, amwite mkewe na watoto, wayarudie pamoja yale yaliyohubiriwa, kabla ya kurudi kwenye shughuli zao. Mke naye asimulie yale yaliyomgusa, na watoto wasikie. Hivyo, alisema, nyumba yenu iwe kanisa.

Tena hakuwataka wasome vitabu vyote kwa mara moja. Katika mahubiri yake juu ya Injili ya Yohane aliwaomba watenge siku moja tu katika juma, hata kama ni Jumamosi, wakisome kwanza nyumbani kile kipande cha Injili kitakachosomwa kanisani. Wakija kanisani wakiwa wamekwisha kukisikia, kazi ya mhubiri itakuwa nyepesi na akili zao zitakuwa macho.

Mkazo wa Yohane ulikuwa katika kipande kimoja kinachojulikana vizuri. Idadi ya sura hakuitaja. Mzazi aliyepanga kusoma sura nne kila siku, akashindwa siku ya tatu, akaiacha kabisa, angepata faraja kubwa kwa mhubiri huyu wa Antiokia.

Hadithi ya ndugu wawili

Lakini mafundisho yake yaliyo bora kuliko yote juu ya jambo hili yako katika kitabu chake kidogo juu ya majivuno na malezi ya watoto. Zamani, katika ujana wake, Yohane aliwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao kwa wamonaki walelewe huko. Katika kitabu hiki asema kwamba hamlazimishi mzazi kumpeleka mtoto jangwani. Amtaka amlee nyumbani, awe mwanariadha wa Kristo katikati ya dunia.

Naye aeleza namna ya kufanya, hatua kwa hatua, kama fundi amwelezavyo mwanafunzi. Jioni, mtoto akiwa amepumzika kutoka masomo yake, baba amsimulie hadithi ya ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mkubwa mkulima na mdogo mchungaji, yaani Kaini na Abeli. Aisimulie kwa utamu, asiirefushe ikamchosha mtoto. Aeleze jinsi kila mmoja alivyotoa sadaka yake, na jinsi kijicho kilivyoingia. Mama naye awepo, aketi karibu, aisifu hadithi, naye ashiriki. Jioni nyingine baba asisimulie, amwambie mtoto, "Nisimulie wewe ile hadithi ya ndugu wawili." Mtoto akiishika, ndipo baba amweleze somo lake: jinsi kijicho kilivyo kibaya, na jinsi Mungu aonavyo hata lile tulifanyalo mafichoni.

Hadithi ya kwanza ikiisha kukaa, ndipo ije ya pili, ya Esau na Yakobo. Yohane apima chakula kulingana na umri. Mtoto wa miaka minane au kumi, au hata chini ya hapo, asimuliwe habari za Gharika na za kushuka Misri. Habari za kutisha za moto wa milele zingoje mpaka afikishe miaka kama 15, asije akavunjika moyo mchanga.

Kisha Yohane asema neno linaloonyesha jinsi alivyowajua watoto, ingawa hakuwa na wa kwake. Mshike mtoto mkono, asema, mpeleke kanisani, hasa siku ile hadithi hiyo itakaposomwa. Utamwona akirukaruka kwa furaha, kwa sababu anajua jambo ambalo watoto wengine hawalijui; atamtangulia msomaji, naye atafaidika sana.

Ndugu katekista, wewe unayelalamika kwamba watoto wanacheza wakati wa masomo, hebu lifikirie jambo hili. Watu wengi hushindwa kutulia wanaposikia lugha wasiyoifahamu. Mtoto aliyesimuliwa hadithi Jumamosi usiku huja Dominika kumngojea rafiki yake Abeli atokee amboni.

Zaburi zilizofungwa na kazi

Wakati huohuo, katika nchi ya Kapadokia, mama mmoja aitwaye Emelia aliwalea watoto tisa. Miongoni mwao walitoka Watakatifu Basili Mkuu, Gregori wa Nisa na Petro wa Sebaste, na binti mkubwa, Mtakatifu Makrina, aliyefariki mwaka 379. Gregori aliandika maisha ya dada yake huyo, naye atueleza jinsi mama yao alivyomfundisha. Alimchagulia sehemu za Maandiko zilizofaa umri wake, hasa katika kitabu cha Hekima, pamoja na Zaburi. Zaburi hizo zilifungwa na kazi za siku: alipoamka, alipoanza kazi, alipoimaliza, alipokula, alipotoka mezani na alipokwenda kulala, kila saa ilikuwa na zaburi yake.

Akina mama wanaotusikiliza watalielewa hili kuliko sisi. Emelia hakungoja kazi ziishe ndipo asali na binti yake, kwa maana kazi za nyumba yenye watoto tisa haziishi. Alilifunga Neno kwenye kazi yenyewe, kama mtu afungavyo mzigo kwenye baiskeli, vikaenda pamoja. Zaburi fupi iliyokaririwa haihitaji mkono wa kushika kitabu. Yasemeka mtu akichochea ugali, akinyonyesha, akifua nepi.

Herufi za Laeta, na ugumu wenyewe

Huko Roma, mwanzoni mwa karne ya 5, Mkristo aitwaye Laeta alimwomba Mtakatifu Yeronimo, mfasiri mkuu wa Biblia kwa Kilatini, amshauri namna ya kumlea bintiye mdogo, Paula. Barua aliyomjibu tunayo mpaka leo. Yeronimo, ambaye wengi humjua kwa ukali wa kalamu yake, hapa ageuka babu. Ashauri mtoto atengenezewe herufi za mti au za pembe ya ndovu, achezee hizo, na mchezo uwe masomo. Majina anayojifunzia kusoma yawe ya Manabii na Mitume na ya mababu wa imani tangu Adamu. Awe na wenzake wa kushindana nao, apewe zawadi ndogo akifaulu, asikaripiwe akichelewa kuelewa. Akimwona babu yake, ambaye bado alikuwa mpagani, amrukie mapajani, amkumbatie shingoni, amwimbie Aleluya, babu apende asipende! Akikua aanze na Zaburi, kisha Mithali, Mhubiri na Ayubu, ndipo aingie katika Injili, asiziweke chini tena.

Lakini mwishoni mwa barua Yeronimo asimama. Ni kama amsikia Laeta akiuliza: nitayawezaje yote haya, mimi mwanamke mwenye nyumba, katikati ya mji wa Roma na makelele yake? Naye ashauri kwamba, akishindwa, ampeleke mtoto Bethlehemu, kwa bibi yake Paula na shangazi yake Eustokio, waliokuwa watawa. Aahidi kwamba yeye mwenyewe, mzee, atambeba mabegani na kumfundisha. Na kweli mtoto huyo baadaye aliishi Bethlehemu.

Hapo, wapendwa, historia yatuambia ukweli ambao mahubiri mengi hayausemi. Yohane alikuwa amekaa pangoni. Yeronimo alikuwa mmonaki. Wote wawili walisema maneno mazuri juu ya watoto, lakini usiku hapana mtoto aliyewaamsha. Nasi mapadre tu katika hali hiyohiyo. Tunalala, tunaamka, kitabu cha sala kiko mezani, na nyumba ni kimya. Halafu twamwambia mama asiyelala kwamba penye nia pana njia! Yeronimo angalau alitambua kwamba Laeta peke yake asingeweza, akatafuta mtu wa kumshika mtoto, hata akajitolea yeye mwenyewe. Sisi mlangoni mwa kanisa hatukumtafutia mama yule mtu yeyote.

Mkitazama tena mtaona kwamba hakuna hata mmoja wa wazazi hawa aliyefaulu peke yake. Eunike alikuwa na Loisi, yaani mama alisaidiwa na bibi. Orijene alifundishwa na baba. Yohane Krisostomo, anapofundisha hadithi ya Kaini na Abeli, karibu mahali pote asema na baba. Mama ameketi karibu, naye ni mshiriki. Sisi tumeigeuza desturi hiyo. Katika nyumba zetu nyingi baba hungoja chakula barazani, mama apika huku amebeba mtoto, kisha twamwuliza mama kwa nini hasomi Biblia.

Tangu hapo hata leo

Miaka mingi iliyofuata tuipite upesi. Kwa karne nyingi vitabu vilikuwa adimu, na waamini walijifunza kwa masikio na kwa macho, kwa nyimbo na kwa picha za kanisani. Baada ya mafarakano ya karne ya 16, Kanisa liliweka tahadhari kubwa juu ya tafsiri za Biblia katika lugha za watu, na familia nyingi za Kikatoliki zikazoea kuiona Biblia kuwa kitabu cha padre. Mazoea hayo hatujayamaliza yote.

Lakini mwaka 1898 Papa Leo XIII aliwapa rehema waamini wasomao Injili kwa muda wa robo saa. Angalieni kipimo hicho: robo saa. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu, ulitaka mlango wa Maandiko ufunguliwe wazi kwa waamini wote, ukakumbusha neno la Yeronimo kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo. Mwaka 1967 Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipata Biblia yao kwa Kiswahili, iliyochapwa Ndanda na Peramiho. Na mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizitia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambamo majirani hukutana na kulisoma Neno nyumbani mwao. Pango la Yohane na monasteri ya Bethlehemu havipo mtaani kwetu, lakini jumuiya ipo.

Basi tufanye nini?

Kutokana na historia hii twapendekeza mambo manne, nayo ni madogo kwa makusudi.

Kwanza, chagueni kipande kimoja kwa juma: Injili ya Dominika ijayo. Kisomwe Jumamosi jioni, hata kwa dakika tano. Katikati ya juma, mtoto aulizwe asimulie. Akikosea, acheni amalize kwanza.

Pili, baba wa familia, siku hiyo mtoto mchanga awe mikononi mwako. Wewe umbembeleze, mama asome kwa sauti. Au wewe usome, na mama aketi, asikie akiwa amekaa chini walau mara moja katika siku. Kama baba hayupo, kwa safari, kwa kifo au kwa sababu nyingine, bibi, shangazi au mtoto mkubwa ashike nafasi hiyo. Anthusa alikuwa peke yake, na mwanawe akawa Kinywa cha Dhahabu.

Tatu, mama uliyejifungua karibuni, usijihesabie dhambi kwa sababu ya kurasa ambazo hukuzisoma. Chukua mstari mmoja wa zaburi, uushike kwa moyo, uuseme unaponyonyesha. Emelia angekuelewa.

Nne, makatekista na viongozi wa jumuiya: mnapokutana, msimwambie mama mwenye mtoto aketi nje kwa sababu ya kelele. Wapangeni vijana wawili wawashike watoto kwa zamu. Na kelele zikibaki, ziache zibaki. Bwana wetu alipowaona wanafunzi wakiwazuia watoto wasimkaribie, aliwakemea wanafunzi, akawapokea watoto.

Mama yule wa mlangoni hatukumwona tena. Tulihamishwa parokia kabla hatujapata nafasi ya kumtafuta. Kama leo anatusikiliza, watoto wake ni vijana sasa. Twamwomba radhi kwa jibu letu la haraka. Swali lake lilistahili jibu bora, nalo lilikuwepo tangu Antiokia: mama, si lazima ungoje watoto walale ndipo usome. Soma wakiwa macho, na mwenzako amshike mmoja wao.

Mwenyezi Mungu, aliyemkabidhi Neno wake Mariamu na Yosefu wamlee katika nyumba ya Nazareti, azibariki nyumba zenu, watoto wenu, na robo saa yenu ndogo. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.